Waliokunywa Ukingo wa Mto

Asubuhi ile bafu la Mshonaji liliondoka na kopo lake, ndoo yake, sabuni yake na nguo mbili zilizokuwa zimeanikwa juu ya mabati. Halikuaga. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha alfajiri, wala si mvua ya kutisha, ya kulaza vumbi tu. Mto ukapanda kidogo, ukaulamba ukingo, na ukingo ukakatika kama mkate uliolowa. Mshonaji alifungua mlango wa nyuma, taulo begani, akakuta mbele yake hakuna kitu. Anga tu, na chini yake maji ya tope, na kopo lake la bluu likizunguka pale pale kama linalomsubiri.

Alipiga yowe lililoutoa mtaa mzima kitandani.

Mama Maziwa hakuwa kitandani. Alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, paji la uso limeegemea ubavu wenye joto, maziwa yakilia kwenye ndoo. Ng'ombe huyo walimwita Shangazi, kwa sababu tangu aingie nyumbani mle kila mtu alikuwa akimtumikia. Kabla ya kuulizwa baba kala nini, huulizwa Shangazi kala nini. Akikohoa, watu hawalali. Basi Mama Maziwa aliposikia lile yowe alimwambia, "Ngoja kidogo, Shangazi, nimwone mwenzangu," akatoka mbio na ndoo mkononi, maana maziwa hayaachwi peke yake na paka.

Alikuta watu wamejaa nyuma ya nyumba ya Mshonaji. Na ajabu ya watu wa mtaa ule ni kwamba hata kwenye mkasa walikuja na vikombe vyao vya chai.

"Shoga, njoo uone!" Mshonaji alimshika mkono. "Njoo uone mto ulivyonifanyia!"

"Pole, shoga. Tushukuru hukuwamo ndani."

"Ningekuwamo saa hizi ningekuwa nimeshafika baharini, sabuni kichwani!"

Watu wakacheka, kisha wakaona haya kucheka. Mzee mmoja akakohoa, akaanza, "Wahenga walisema, usipoziba ufa..."

"Ufa?" Mshonaji akamgeukia. "Baba, huu ni ufa huu? Hili ni lango! Panapita lori hapa!"

Hapo hakuna aliyecheka. Kati ya pale bafu lilipokuwa na ukuta wa chumba cha kushonea kilikuwa kimebaki kipande cha ardhi ambacho hata mbuzi asingegeukia. Ndani ya chumba kile kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, na sare za watoto wa shule nzima zikingoja vifungo. Watu walimshauri ahame, ahamishe angalau cherehani. Aliwatazama kama watu wasiojua kuhesabu.

"Cherehani nitaibeba kichwani," alisema. "Nyumba nitaibeba na nini?"

Nyumba ile alikuwa ameijenga tofali baada ya tofali, kwa vifungo na zipu. Kila mtu alijua. Na kila mtu aliitazama mbingu, akaona mawingu ya upande wa milimani yameinama, na hakuna aliyesema alichokiona.

Mama Maziwa yeye alitazama chini. Juu kidogo ya pale, kwa jirani wa mkono wa kulia, ukingo ulikuwa umesimama imara, matete yake mabichi yamefika kifuani, na pale udongo ulipochubuka mizizi ilining'inia kama nywele za mtu aliyefumuliwa, kila unywele umeshika donge lake. Na chini ya pale, kwa jirani wa mkono wa kushoto, vivyo hivyo. Lakini nyuma ya nyumba ya Mshonaji udongo ulikuwa umekatika laini, umenyolewa, bila unywele hata mmoja.

Ndoo ikamwelemea mkononi ghafla. Aliibadilisha mkono, kisha akairudisha.

"Mama Maziwa," mtu alimwita nyuma, akinyoosha kikombe. "Kwa kuwa umekuja nayo, nitilie kidogo basi."

*

Aliyeing'oa ile mizizi alikuwa yeye.

Ilikuwa wakati wa kiangazi, majani yalipokauka kila mahali na Shangazi akaanza kutoa maziwa kama anayehesabu matone. Mama Maziwa alikwenda na mundu mtoni, akakata matete hadi chini. Yalipokwisha, akajaribu jembe. Akagundua kitu alichojivunia wiki nzima: kule chini, panapoanzia mzizi, tete lina kikonyo cheupe, kitamu kama muwa, na ng'ombe akikipata hukitafuna amefumba macho. Maziwa yakapanda. Akawa anang'oa mashina mazima, anayaosha udongo mtoni, anayapanga kivulini kando ya banda na kuyanyunyizia maji yasinyauke, kama mwenye duka anayepanga bidhaa.

Wala hakuiba. Mshonaji mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Shoga, ning'olee na hayo ya nyuma kwangu, nyoka wamezidi. Unipe tu kikombe cha asubuhi." Akampa kikombe cha asubuhi. Wote wawili wakaona wamepata.

Na mtaa ulikuwa ukingoja. Zamani pale watu walikunywa chai ya rangi na maisha yakaenda. Lakini Muuza Chai alipoanza kuipika ya maziwa kibandani kwake, povu juu, mnywaji wa ile ya rangi akaonekana maskini. Ukiagiza ya rangi unaulizwa kama unaumwa. Kila wiki Muuza Chai alikuwa akimwambia Mama Maziwa neno lile lile: "Ongeza, dada. Ongeza." Naye akaongeza.

Asubuhi hiyo, akitoka kwa Mshonaji, alirudi nyumbani akamkuta mumewe anafunga sanduku la zana. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mafuta mengi kwenye kucha. Mama Maziwa alisimama mlangoni, akakaa, akasimama tena, akachukua ufagio, akauacha.

"Wewe una nini? Umekanyaga siafu?"

"Baba watoto, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Bafu la Mshonaji. Ni mimi niliyelibomoa."

Fundi Baiskeli alimtazama, akatazama mikono yake kama anatafuta nyundo. Alipokwisha kuelezwa, alifunga mlango.

"Sikiliza. Mto umebomoa. Mto una kesi zake na Mungu. Wewe ukijipeleka mbele ya watu ukasema ni mimi, watakuambia jenga. Utajenga na nini? Kodi ya nyumba hii inatoka wapi? Sare za watoto? Dawa ya macho ya mama? Vyote vinatoka kwenye chuchu nne zile pale nje. Wakisema Shangazi aondoke, tutakamua baiskeli?"

"Mvua ikija nyingine, chumba kitakwenda."

"Ikija."

"Yatazame hayo mawingu."

Hakuyatazama. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema, na mkewe alilijua. Kibandani kwa Muuza Chai kulikuwa na benchi la mbele, lenye kivuli, la watu wazito. Tangu Shangazi azae, Fundi Baiskeli alikuwa na nafasi yake pale. Akifika watu husogea, na kikombe chake hujaa bila kuagizwa. Mtu aliyeinama chini ya baiskeli za wenzake tangu ujana hasahau siku watu walipoanza kumpisha yeye.

Pembeni, juu ya mkeka, mama mkwe alikuwa akichagua mawe kwenye mchele kwa vidole, kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Walimsahau kama kawaida, na kama kawaida alikuwa amesikia yote.

"Mkwe wangu," alisema, "kitendawili."

"Mama, leo sina moyo wa vitendawili."

"Ndiyo siku yake. Kitendawili kinatafunwa mtu akiwa hana moyo. Akiwa na moyo anatafuna nyama." Akapuliza mchele. "Basi kaa na chako. Mimi changu nitakitega mbele za watu."

Nje Shangazi alilia, mlio mrefu wa mtu aliyecheleweshewa chakula. Mama Maziwa alitoka akamchukulia tete moja kwenye lundo. Lilikuwa limeshaanza kuchipua.

*

Mchana watu walikutana uani kwa Mshonaji, chini ya upenu, kwa sababu mkosaji alikuwa amepatikana. Alikuwa Mchimba Mchanga, mtu mmoja mwembamba mwenye toroli moja, aliyechota mchanga mtoni na kuwauzia wajenzi. Vijana walikuwa wamemleta. Walikuwa wamemnyang'anya sepetu, na ili asirudi mtoni walimvua viatu vya mpira, vikawa vimesimama mbele ya kikao kama ushahidi. Mwenyewe alisimama pekupeku, mguu mmoja juu ya mwingine, akijaribu kuficha vidole.

"Wewe ndiye unayekula mto," alisema Muuza Chai, aliyejifanya mwenyekiti kwa sababu birika lilikuwa lake. Alikuwa amelileta, akawa anamimina huku akihukumu. "Kila siku unachimba. Unadhani mto hauna mwisho?"

"Kaka, mimi nachimba ng'ambo," Mchimba Mchanga alisema. "Tena kule chini, mto ulipopinda. Maji yanaanza huku yanakwenda kule. Shimo langu la kule limepanda vipi mlima kuja kumbomolea dada?"

"Unaulizwa, unauliza!"

"Nauliza nijue."

"Hebu mwone! Hana viatu ana maswali!"

Kicheko kikapita. Mshonaji ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alimnyooshea kidole hadi karibu na pua. Alisema bafu lake alijengewa na marehemu mumewe, kwa mikono yake, na leo mtu wa toroli amelichukua kama anachukua mchanga. Alisema atalijenga, atake asitake, au toroli lile libaki hapa. Sauti yake ilikuwa inapanda, inapanda, lakini macho yake hayakumtazama yule mtu. Wala hayakumtazama Mama Maziwa. Yalikuwa yakienda huku na huku kama kuku asiyejua pa kutagia.

Mama Maziwa aliwekewa kikombe mkononi. Kilikuwa cha moto, kizito, kina utando juu. Maziwa yake mwenyewe. Alikishika, akakizungusha. Upande wa pili mumewe alikuwa amekaa mbele pamoja na watu wazito, akimwangalia kwa jicho la kusema *tulia*. Akatulia. Lakini mguu wake haukutulia. Ulikuwa ukipigapiga chini peke yake, na jirani aliyekaa naye akamwekea mkono gotini kama mtoto.

"Basi tumekubaliana," alisema Muuza Chai. "Toroli linabaki, viatu vinabaki, na..."

"Kitendawili!"

Kila mtu aligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Bibi, hapa kuna kesi," alisema Muuza Chai kwa upole wa mtu anayemvumilia mtoto.

"Nimesema kitendawili!"

Kuna mambo mdomo haukubali kuyasahau. Nusu ya watu walikuwa wamekwisha kuitikia kabla hawajajua: "Tega!"

"Ninaye mlinzi, hana rungu, hana mshahara, hana hata kiti. Miaka na miaka amesimama mtoni, usiku na mchana, nyumba isiibiwe. Tumemkoroga na sukari, tumemnywa."

Watu wakatazamana. Mmoja akasema ni chumvi. Akaambiwa chumvi na sukari wapi na wapi. Mwingine akasema daraja. "Umewahi kunywa daraja?" akaulizwa. Mzee wa ufa akasema ni mamba, akazomewa hadi akacheka mwenyewe.

"Mmeshindwa," alisema Bibi. "Nipeni mji."

"Chukua kibanda changu, Bibi, utuachie kesi yetu," alisema Muuza Chai.

"Usimpe," alisema Mama Maziwa.

Alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama. Chai ilikuwa imemwagikia mkono na haikumuunguza.

"Usimpe, kaka, jibu ninalo. Ni matete."

Fundi Baiskeli akainamisha kichwa.

"Ni matete," akarudia. "Yalikuwa yameushika ukingo nyuma ya hii nyumba. Mimi nimeyang'oa, na mizizi yake. Nimempa Shangazi. Shangazi ametoa maziwa. Na maziwa..." Akakiinua kikombe kidogo, akashindwa kumalizia. "Huyu ndugu hana kosa. Mrudishieni viatu."

Birika lilitoa mvuke.

"Nyamaza, shoga," alisema Mshonaji kwa sauti ndogo.

"Sinyamazi. Wewe unajua."

"Nimekuambia nyamaza!" Kisha Mshonaji akakaa chini, pale pale uani, nguo na vumbi. Akajifuta uso kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni. "Mimi nilimwambia. Nilimwambia ayang'oe. Nyoka mmoja tu nilimwona, tena mdogo. Nikawa napewa kikombe."

"Kikombe kimoja kwa bafu zima!" mtu alidakia nyuma.

Yule mtu mwenyewe alitazama kikombe chake.

"Mimi nanunua maziwa," alisema Muuza Chai. "Sinunui mto. Msiniingize."

"Kaka," Mama Maziwa alimgeukia, "kila wiki uliniambia ongeza. Kiangazi kile, jani bichi halipo, unaniambia ongeza. Ulidhani naongeza nini?"

Muuza Chai akajishughulisha na kifuniko cha birika. Sasa kelele zikaanza. Ng'ombe auzwe! Ng'ombe alipe bafu! Mjini ng'ombe wa nini? Waliosema auzwe walikuwa wale wale waliokopeshwa nusu lita mtoto akiumwa. Mama Maziwa aliwasikia, kila sauti aliijua kwa chupa yake. Kijana aliyevivua vile viatu alivichukua, akaviweka mbele ya Mchimba Mchanga, akarudi mahali pake bila neno la samahani. Mchimba Mchanga akavivaa taratibu. Alipokwisha alitazama upande wa milimani.

"Mimi si mwenyeji wa kikao," alisema, "lakini yale mawingu hayasubiri mkutano uishe. Mchanga ninao. Nani ana magunia?"

*

Magunia alikuwa nayo Mama Maziwa, ya pumba za Shangazi. Nguzo za kukita ukingoni zilikuwa za banda la Shangazi. Na mashina ya matete, mabichi, yenye macho yaliyokwisha kuchipua, mtaa mzima hakuwa nayo mtu isipokuwa Shangazi, kwenye lundo lake la kivulini.

Mumewe alisimama mbele ya banda amekunja mikono. "Hilo lundo ndilo chakula chake chote. Ukilitoa leo, kesho atakula nini?"

"Ndiyo hicho, baba watoto. Ni hicho hicho kimoja. Ama kinakwenda kwake, ama kinarudi kilikotoka."

"Na sisi?"

Mama Maziwa alichukua shoka na kuanza kuipiga nguzo ya pembeni. Alikuwa akipiga vibaya, pale pasipo na kiungo. Mabati yakalia, msumari ukaruka. Fundi Baiskeli alivumilia pigo la kwanza, na la pili. La tatu lilimshinda. Mtu aliyezaliwa na ufundi anaweza kuvumilia hasara, lakini kuona kitu kinavunjwa ovyo hawezi.

"Toka hapo, unaharibu mbao!" Akafungua sanduku la zana, akatoa koleo. "Msumari unang'olewa, haupigwi."

Akaling'oa banda lote kwa utaratibu, amenuna, msumari mmoja baada ya mwingine, akiweka mfukoni ile iliyonyooka.

Ukingoni Mchimba Mchanga alikuwa amevua shati. Alikuwa akijaza, akifunga, akipanga magunia kama matofali, na wale vijana waliomvua viatu wakawa wanamuuliza, "Hili hapa? Hivi?" naye anajibu bila kuwatazama. Mshonaji alishona midomo ya magunia kwa sindano kubwa. Mama Maziwa alikuwa akipanda. Alichimba kwa vidole, akakita shina, akalikanyagia udongo, akachukua jingine. Yale yale aliyoyaosha udongo kwa bidii sasa aliyapaka udongo kwa bidii.

Aliporudi kuchukua fungu la mwisho alimkuta Shangazi amefungwa chini ya mti wa jirani, bila paa, amenyoosha shingo yote. Alikuwa amefika kwenye lundo. Tete moja lilikuwa limeingia nusu kinywani, na macho yalikuwa yameshafumba.

Mama Maziwa alilishika lile tete upande wa pili. Wakavutana. Ng'ombe alifumbua jicho moja, jicho kubwa lenye kope ndefu, akamtazama kama mtu anayeuliza amekosa nini.

"Nisamehe, Shangazi," alisema, na akavuta. Likatoka na mate.

Mvua ilianza kupiga mabati. Shangazi hakukubali. Akakata kamba, akafuata harufu hadi ukingoni, akaanza kuyachuma yaliyopandwa, moja, mawili, taratibu kama mtu aliyekaribishwa. Yakapigwa makelele. Watu watano wakamsukuma asisukumike.

"Nilijua," alisema Bibi kutoka upenuni. "Mlinzi na mwizi wake hawalali uwanja mmoja. Mwanangu!"

"Naam, mama," akaitika Fundi Baiskeli, maji yanamchuruzika puani.

"Dada yako nyuma ya kilima amepanda majani shamba zima, ng'ombe hana. Mpeleke."

"Sasa hivi? Na mvua hii?"

"Mvua hii ndiyo inayomfukuza. Mpeleke Shangazi kwa shangazi."

Hata Mshonaji alicheka, huku analia. Fundi Baiskeli akashika kamba. Mkewe alisimama katikati ya njia, matope hadi magotini, akamfuta yule ng'ombe mgongo kwa kiganja, mara moja, toka shingoni hadi mkiani. Nusu ya maziwa yatabaki huko, wifi si mtu wa kupewa mzigo bure. Nusu nyingine haitafika mtaani kabla haijaganda. Alilijua hilo. Akawapisha.

*

Asubuhi aliamka kwa mazoea, akajikuta ameketi kitandani, vidole vinajikunja na kujikunjua hewani. Mvua ilikuwa imepungua. Hakukuwa na mlio nje. Nguzo nne za banda ziliacha mashimo manne, na kila shimo limejaa maji.

Alikwenda mtoni bila kunawa. Mto ulikuwa umefanya kazi yake. Magunia ya chini yalikuwa yamelala, nguzo mbili zimeinama kama walevi, na sehemu ya matete ilikuwa imekwenda kulifuata kopo la bluu. Lakini kile kipande cha ardhi kilikuwepo. Kimepungua, kimechubuka, kipo. Na kabla hajaugusa ukuta alisikia kwa ndani cherehani ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena.

Mchimba Mchanga alikuwa ameshafika, anarudishia magunia. Walisalimiana. Mama Maziwa akamshikia gunia.

Barabarani walikuwa wameanza kupita wenye chupa. Yule wa kwanza alikuwa ndiye aliyepiga kelele kuliko wote jana kwamba ng'ombe auzwe. Alisimama mbali kidogo, chupa nyuma ya mgongo.

"Mama Maziwa, umeamkaje? Leo yapo?"

"Yamepandwa," alisema bila kuinua kichwa.

Mtu yule alitazama vile vichipukizi vilivyosimama kwenye tope, akatazama chupa yake, akaondoka. Kibandani kwa Muuza Chai birika lilichemka la rangi, na watu walilinywa wakinung'unika. Fundi Baiskeli alirudi kutoka nyuma ya kilima amelowa, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la mbele. Hakuna aliyesogea. Alisimama kidogo, akajifanya ameona tairi lenye upepo mdogo ng'ambo ya barabara, akalifuata.

Mshonaji alitoka na vikombe viwili vya chai ya rangi. Kimoja alimpa Mchimba Mchanga, aliyekipokea kwa mikono miwili. Cha pili alimpa Mama Maziwa.

"Sina cha kutia ndani," alisema.

"Nitakinywa hicho hicho."

"Kichungu?"

"Kichungu."

"Utazoea, shoga. Na mimi nitazoea kuoga kwako." Mshonaji aliketi kizingitini, akayatazama matete. "Yatashika lini?"

"Sijui. Yakipata nafasi."

Wote watatu wakasikiliza maji. Mama Maziwa alikuwa bado hajafika nusu ya kikombe tone lilipoanguka ndani yake, moja, likatengeneza pete. Alilitazama lile tone. Kisha likaja jingine, kwenye mkono. Akakiweka kikombe chini, juu ya jiwe, akaenda kushika gunia.